Mwalimu wa kwaya aliyetuachia wimbo wa taifa

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja wa michezo tunaouita leo Uwanja wa Uhuru, wilayani Temeke, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Taifa jipya lilikuwa limechagua wimbo ambao mahadhi yake yalitungwa miaka 64 kabla, kusini kabisa mwa bara, na mwalimu wa shule ya misheni. Tunapomkumbuka mwalimu huyo, Enoch Sontonga, aghalabu tunamkumbuka kwa jina tu, na naamini hilo halitoshi. "Mungu Ibariki Afrika" haukuvuka mipaka kwa bahati, wala kwa nguvu za siasa peke yake. Ulivuka kwa sababu mtunzi wake aliujenga kama mwalimu wa kwaya, ili waweze kuuimba watu wasio na kinanda wala muda mrefu wa mazoezi.

Sontonga alizaliwa Uitenhage karibu mwaka 1873, akasomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Nyimbo zake aliziandika daftarini kwa nota za do, re, mi, ambazo wanakwaya wengi wa Kinondoni na Temeke wangezitambua hata leo. Mfumo huo, uliosambazwa na Mwingereza John Curwen, uliwafaa sana wasio na kitu: mwalimu alihitaji ubao, chaki na sikio zuri. Utazame wimbo wa 1897 kwa jicho hilo, na ufundi utauona. Vipande vyake ni vifupi na vinarudiwa. Soprano, alto, tena na besi kwa sehemu kubwa hutamka silabi kwa pamoja, hivyo asiye na hakika na sauti yake hubebwa na wenzake, na asiyejua ubeti hupata pa kuingilia kwenye kiitikio. Lugha ikibadilika, jengo halitikisiki. Ndiyo maana mshairi Samuel Mqhayi aliweza kuongeza beti saba, zikachapishwa mwaka 1927, na ndiyo maana Watanzania wanaimba ubeti mmoja wa Afrika na mwingine wa nchi yao bila mahadhi kulalamika.

Kuna watakaosema ni siasa iliyoupaisha wimbo huu. Tarehe zenyewe zinasema vingine. Uliimbwa hadharani mwaka 1899, mchungaji Boweni alipowekewa mikono. Sontonga alifariki mwaka 1905, na walimu wa kwaya wakawa wanaazima daftari lake kwa mjane wake, Diana, hadi likapotea. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya John Dube, iliutembeza. Kwa hiyo chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoundwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912, wimbo ulioimbwa pale ulikuwa tayari na waimbaji wake. Siasa iliukuta vinywani mwa watu.

Pingamizi zito zaidi ni lile la kwamba mahadhi yenyewe yameigwa kutoka "Aberystwyth", tenzi ya Joseph Parry wa Wales. Sikatai kwamba Sontonga alilelewa na tenzi za namna hiyo. Mwanafunzi gani wa misheni hakulelewa nazo? Lakini tenzi ya Parry iko katika ngazi ya maina, ngazi ya majonzi, na wimbo wa Sontonga uko katika meja. Kujifunza kazi kwa fundi mwingine si kumwibia. Jibu hilohilo linawahusu wanaouona muziki huu kuwa wa kikoloni: zana zilitoka misheni, ila Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilitunga maneno mapya kabisa na bado ikayashika mahadhi yaleyale. Nchi iliyokuwa huru kuchagua haikulazimishwa na mmisionari yeyote.

Afrika Kusini ililitangaza kaburi la Sontonga, lililoko Braamfontein, kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Kwetu heshima inayomfaa ni ya darasani. Wanafunzi wanaousimamia wimbo huu mstarini asubuhi, mara nyingi kwa sauti moja, wafundishwe sauti zote nne, kwa do, re, mi ubaoni, na jina la mwalimu aliyezipanga liandikwe juu ya nota hizo.