Mwili wa Kubuni, Dunia ya Kesho: Bunilizi za Kisayansi na Mapenzi kati ya Wanaume katika Manga za Wanawake wa Japani, 1970–2011

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi wachoraji wanawake wa Japani walivyotumia dunia za kubuni, zenye ukatili na mapenzi kati ya wanaume, kujadili mamlaka juu ya mwili wa binadamu. Yanafuatilia historia hiyo kuanzia kizazi cha wachoraji wa miaka ya 1970, kupitia Marginal ya Hagio Moto (1985–1987), hadi mivutano ya mwaka 1992, 2008 na 2010. Hoja kuu ni kwamba ukatili katika kazi hizo ulikuwa na dhima ambayo haiwezi kupimwa kwa kuhesabu matukio yaliyochorwa, na kwamba swali la madhara liliulizwa kwa usahihi zaidi na wasomaji waliojadiliana hadharani kuliko taasisi zilizotafuta njia ya mkato ya kuondoa vitabu.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno manga huenda akakumbuka kwanza Manga ya Arabuni, iliyotupatia pilipili manga. Neno linalohusika hapa ni la Kijapani, nalo humaanisha hadithi zinazosimuliwa kwa mfululizo wa michoro. Nchini Japani hadithi hizo kwa kawaida huchapishwa kwanza sehemu kwa sehemu katika majarida, kisha hukusanywa kuwa vitabu. Majarida yenyewe hugawanywa kwa kuzingatia msomaji anayelengwa: mvulana, msichana, mwanamume au mwanamke mtu mzima.

Mgawanyo huo ndio unaozua swali la makala haya. Kwa nini baadhi ya hadithi kali kabisa kuhusu mapenzi kati ya wanaume, zikiwemo zilizowekwa katika sayari za mbali na karne zijazo, zilizaliwa katika majarida ya wasichana, zikichorwa na wanawake na kusomwa hasa na wanawake?

Swali hili lina uzito wa kisera. Mshauri anayetakiwa kutoa maoni kuhusu chapisho linalolalamikiwa hutazama kwanza kilichochorwa. Mwanahistoria hana budi kuuliza pia mchoro huo ulikuwa ukijibu jambo gani katika wakati wake. Makala haya yanadai kuwa anayeliruka swali la pili hulijibu vibaya la kwanza. Majina ya Kijapani yameandikwa kwa kutanguliza jina la ukoo, kama ilivyo desturi ya wenyewe.

2.0 Kizazi cha Mwaka wa 24

Hadi miaka ya 1960 manga nyingi za wasichana zilichorwa na wanaume. Tezuka Osamu, aliyeanza kuchapisha Ribon no Kishi mwaka 1953, alikuwa amewapa wasichana shujaa wa kike avaaye mavazi ya kiume. Hata hivyo, mikataba ya utanzu huo ilibaki ileile: msichana mwema, mateso, machozi na hatimaye faraja.

Mabadiliko yaliletwa na kundi la wanawake waliozaliwa karibu na mwaka 1949, ambao ni mwaka wa 24 wa enzi ya Showa. Ndiyo maana waliitwa Kundi la Mwaka wa 24. Wawili kati yao, Hagio Moto na Takemiya Keiko, waliishi nyumba moja katika mtaa wa Oizumi jijini Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nyumba hiyo ikawa kituo cha wachoraji wenzao. Humo walisoma riwaya za Ulaya, walitazama filamu na kujadiliana kuhusu kile ambacho jarida la wasichana lingeweza kubeba.

Mwaka 1974 Hagio alichapisha Toma no Shinzo (Moyo wa Thomas), hadithi ya wavulana wa shule ya bweni nchini Ujerumani. Mwaka 1976 ilianza Kaze to Ki no Uta (Wimbo wa Upepo na Miti) ya Takemiya, iliyowekwa Ufaransa ya karne ya 19, ambayo ilisubiri kwa miaka kadhaa kabla wahariri hawajairidhia. Kazi hiyo haikuficha unyanyasaji wa kingono wala ubaguzi wa rangi.

Uamuzi wa kuwatumia wavulana badala ya wasichana haukuwa wa bahati nasibu. Kwa mujibu wa mikataba ya wakati huo, msichana katika hadithi alifungwa na matarajio ya ndoa, usafi na utii. Mvulana aliweza kutamani, kukosea, kupigana na kuumia bila kila tendo lake kusomwa kama funzo la tabia njema kwa msomaji wa kike. Mwili wa kiume ukawa barakoa: msomaji aliweza kukaribia maumivu yanayomhusu bila kulazimika kusema kuwa ni yake.

3.0 Sayari za Mbali, Maswali ya Karibu

Bunilizi za kisayansi ziliongeza umbali huo mara mbili. Katika Terra e (Kuelekea Terra), iliyochapishwa na Takemiya kuanzia 1977 hadi 1980 katika jarida la wavulana, binadamu huzalishwa maabarani na kutawaliwa na kompyuta kuu. Kila kijana hupitishwa katika mtihani wa utu uzima unaofuta kumbukumbu zake za utotoni. Wenye uwezo wa kusoma mawazo ya wengine, waitwao Mu, huwindwa na kuuawa. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya Seiun, tuzo ya wapenzi wa bunilizi za kisayansi, mwaka 1978. Mapenzi ya wazi hayamo. Uzito wake wa kihisia umo katika mahusiano ya wanaume waliotenganishwa na dola moja.

Kazi inayounganisha kikamilifu ukatili, sayansi na mapenzi kati ya wanaume ni Marginal. Hadithi inatokea mwaka 2999. Binadamu wamepatwa na utasa, na wakazi wa Dunia wote ni wanaume. Mmoja tu, Mama anayeabudiwa katika jiji la Monodor, ndiye anayeaminiwa kuwa mzazi wa wote. Mapema katika hadithi Mama huyo anauawa na kijana aitwaye Grinja. Mauaji hayo yanatikisa imani, na nyuma yake taratibu unafichuka mfumo mwingine: Dunia inasimamiwa na kampuni, na watoto wanaopokewa kama baraka ni zao la teknolojia. Kati ya Grinja na mwanamume mwingine, Ashijin, anawekwa Kira, kiumbe aliyetokana na majaribio ya kisayansi, ambaye mwili wake unatakiwa na kila upande: wapenzi, wanasayansi na watawala.

Ukiisoma Marginal nje ya wakati wake, utaona jangwa, visu na wanaume wanaopendana. Ukiirudisha katika wakati wake, sura inabadilika. Japani ilikuwa bado na Sheria ya Ulinzi wa Uzazi Bora ya mwaka 1948, iliyoruhusu utoaji mimba kwa masharti na wakati huohuo kuwezesha watu wenye ulemavu kufungwa uzazi bila ridhaa yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanasiasa walijaribu kuondoa hali ngumu ya kiuchumi katika sababu zinazokubalika za kutoa mimba. Makundi ya wanawake yalipinga, na watu wenye ulemavu nao walipaza sauti dhidi ya vipengele vilivyowalenga wao. Mwaka 1983 mtoto wa kwanza wa Japani aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa. Marginal ilianza miaka miwili baadaye.

Makala haya hayadai kwamba Hagio alichora jibu la moja kwa moja kwa mswada fulani. Hoja ni kwamba swali linaloendesha hadithi yake, yaani nani ana haki ya kuamua mwili uzae, uzae nini na kwa faida ya nani, lilikuwa swali la hadhara katika nchi yake. Kwa kuwaondoa wanawake wote isipokuwa Mama mmoja wa kuabudiwa, alionyesha jinsi sifa tupu kwa uzazi zinavyoweza kwenda sambamba na kuunyang'anya mwili uhuru. Aidha, kwa kuwafanya wanaume wawe wenye kumilikiwa, kugombewa na kuchunguzwa, aliufanya udhalimu uliozoeleka uonekane upya.

4.0 Nani Anaumia? Mjadala wa 1992

Barakoa, hata hivyo, huwa na sura ya mtu. Tangu mwaka 1978 jarida la June lilikuwa limewapa waandishi na wasomaji wanawake uwanja maalumu wa hadithi za mapenzi kati ya wanaume. Katika jarida dada lake la riwaya, Shosetsu June, ndimo ilimochapishwa riwaya ya kisayansi ya Yoshihara Rieko, Ai no Kusabi, inayosimulia mapenzi ya utumwa katika sayari inayotawaliwa na kompyuta. Sambamba na majarida, maonyesho ya Comiket, yaliyoanza mwaka 1975, yaliwezesha machapisho ya mashabiki kusambaa bila mhariri wala mdhamini.

Mwaka 1992 Sato Masaki, mwanamume shoga, aliandika katika kijarida cha wanawake, Choisir, akishutumu hadithi hizo kwa ukali. Hoja yake ilikuwa kwamba wanawake walikuwa wakitumia miili ya wanaume kama yeye kwa burudani, wakibuni wanaume wazuri wasiofanana na watu halisi, huku wakipuuza ubaguzi unaowakabili watu hao. Wapo waandishi na wasomaji wanawake waliojitetea, na wapo waliokiri. Mabishano yaliendelea kwa miaka kadhaa, na yamekuwa rejeo la kudumu kwa watafiti wa utanzu huu.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, Sato hakulalamikia wingi wa damu wala wa vitanda; alilalamikia kutoonekana kwa watu walio hai. Pili, hadithi iliyomsaidia mwanamke kusema maumivu yake iliweza kumuumiza mwanamume anayesawiriwa humo. Ukweli wa kwanza haufuti wa pili. Mjadala uliwalazimu wahusika kuvishika vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo amri ya kuondoa vitabu haiwezi kulifanya.

5.0 Rafu za Maktaba na Sheria ya Jiji

Mwaka 2008 maktaba za umma za jiji la Sakai, karibu na Osaka, zilipokea malalamiko kuhusu vitabu vya mapenzi kati ya wanaume, ambavyo wakati huo vilikuwa vikiuzwa kwa jina la boizu rabu. Vitabu 5,499 vilitengwa na rafu za wazi, na vijana walio chini ya miaka 18 wakazuiwa kuviazima. Wananchi na wanasheria walihoji uhalali wa hatua hiyo, na kabla ya mwaka kwisha maktaba zililegeza msimamo. Kilichowaunganisha waandishi wa vitabu hivyo mbele ya maktaba kilikuwa jina la utanzu pamoja na picha za jalada. Hadithi ya huzuni, ya vichekesho na ya ukatili ziliwekwa katika fungu moja.

Mwaka 2010 serikali ya jiji la Tokyo ilipendekeza kurekebisha sheria yake ya malezi bora ya vijana ili iwahusu wahusika wa kuchorwa wanaoonekana kuwa na umri mdogo. Wachoraji wengi, Takemiya akiwa miongoni mwao, walipinga hadharani. Rasimu ya kwanza ilikataliwa mwezi Juni. Rasimu iliyorekebishwa ikapitishwa mwezi Desemba na kuanza kutumika kikamilifu mwaka 2011. Nia ya kuwalinda watoto haikubishaniwa na wengi. Kilichobishaniwa kilikuwa kama maneno ya sheria yangeweza kutofautisha kazi inayofichua unyanyasaji na kazi inayouuza.

Historia ina kejeli yake. Mwaka 2012 Hagio alitunukiwa na serikali ya Japani Nishani ya Utepe wa Zambarau, na mwaka 2014 Takemiya naye akaipata. Katika nchi hiyohiyo, ndani ya miaka michache, mkono mmoja wa mamlaka ulitunga kanuni zilizowatia hofu waandishi hao, na mwingine ukawavika nishani.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa dunia za kesho na wapenzi wa kiume viliwapa wanawake wa Japani njia ya kuchunguza mamlaka juu ya mwili, na kwamba ukatili ulikuwa sehemu ya uchunguzi huo. Yameonyesha pia kuwa njia hiyo ilikuwa na gharama kwa watu ambao sura zao ziliazimwa.

Kwa mtafiti, inafuata kwamba utanzu huu usomwe pamoja na sheria za uzazi, historia ya majarida na ushuhuda wa wanaosawiriwa. Kwa mshauri wa sera, yanafuata mapendekezo matatu. Kazi inayolalamikiwa isomwe yote kabla ya kuainishwa, kwa kuwa jalada na jina la utanzu si ushahidi. Uainishaji kwa umri utenganishwe na uondoaji, na sababu zake ziandikwe ili ziweze kupingwa. Hatimaye, wasikilizwe wanaosawiriwa na si wanaolalamika pekee. Huko Sakai hatua ilitangulia na mjadala ukafuata, na gharama ya kuvihamisha na kuvirejesha vitabu ilibebwa na umma uleule uliodaiwa kulindwa.