Masalio ya Uzi: Historia ya Kitambaa Kidogo cha Pamba katika Nakasero

Historia ya pamba ya Uganda imeandikwa mara nyingi, na kila mara huandikwa kwa marobota, kwa tani na kwa fedha. Ni haki iandikwe hivyo, maana pamba ndiyo iliyoijaza hazina ya nchi kwa miaka mingi. Lakini ipo historia nyingine ya pamba, isiyopimwa kwa mizani ya bandarini, nayo ni ile ya uzi uliosalia mkononi mwa mwanamke baada ya kazi kubwa kwisha. Uzi huo haukutupwa. Ulifumwa kwa kroshia, ukawa kitambaa kidogo cha kumwogeshea mtoto, cha kufutia uso, au cha kuoshea vyombo. Vitabu vya serikali havikukitaja kitambaa hicho. Hata hivyo, mtu akiufuata uzi wake kutoka ncha moja hadi nyingine, atapita katika historia nzima ya Kampala, na katikati ya safari atajikuta chini ya kilima cha Nakasero.

Kabla ya uzi wa pamba kufika, watu wa Buganda hawakukosa cha kujisafishia. Dodoki lililokauka, ambalo Waganda huliita ekyangwe, lilisugulia mwili, na nyuzi za mgomba zilisugulia vyombo. Vazi lilikuwa lubugo, yaani gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mti hata likawa laini. Nguo ya pamba ililetwa na misafara ya pwani. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alifika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844, naye ndiye anayekumbukwa kuwa alimsikilizisha Kabaka habari za Mwenyezi Mungu. Yeye na waliomfuata walibadilisha nguo na shanga kwa pembe za ndovu. Pamoja na bidhaa na dini yalifika maneno. Mpaka leo Mganda asemaye ppamba, wuzi, kitambaala na ssabbuuni hutumia maneno yaliyopanda kutoka pwani. Maneno hayo manne ndiyo yote yanayohitajiwa katika kukieleza kitambaa cha kuogea, nayo yalikuja katika mzigo mmoja.

Kulima pamba kwa ajili ya kuuza nje kulianza baadaye. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na hapo mzigo mzito ukaweza kusafirishwa kwa meli ziwani na kwa gari la moshi hadi baharini. Huko Uingereza wenye viwanda vya Lancashire walikuwa wakihofu kuitegemea Marekani peke yake, na mwaka 1902 wakaunda shirika la kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni. Mwaka 1903 Kenneth Borup wa Uganda Company alileta mbegu, zikagawiwa machifu wa Buganda. Mavuno ya kwanza yaliyouzwa nje yalikuwa marobota 54 tu. Miongoni mwa wafanyabiashara walioikuza biashara hiyo alikuwa Allidina Visram, Mwismaili aliyetoka Kutch, akaanzia biashara Bagamoyo, akafungua maduka hadi Kampala na kujenga vinu vya kuchambulia pamba kabla ya kufariki mwaka 1916.

Katika miaka hiyo ya mwanzo pamba nyingine ilichambuliwa kwa vinu vidogo vya mkono. Sheria ya Pamba ya mwaka 1908, iliyotungwa wakati wa Gavana Hesketh Bell, ilivipiga marufuku vinu hivyo na kuamuru ipandwe mbegu ya aina moja. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo: nyuzi ndefu na fupi zilikuwa zimechanganywa, na wanunuzi wa ng'ambo walilalamika. Lakini tokeo lake ni kwamba mkulima aliachiwa jembe, na kazi nyingine zote zikaondoka nyumbani kwake. Pamba ilikwenda ikiwa robota, ikarudi ikiwa nguo na donge la uzi, kwa bei ya ng'ambo.

Mahali iliporudia palikuwa Nakasero. Ngome ya Waingereza, iliyowekwa na Lugard katika kilima cha Old Kampala mwaka 1890, ilihamishiwa baadaye Nakasero, na mji ukaifuata. Soko, ambalo mwanzo wake ulikuwa karibu na kasri ya Kabaka huko Mengo, lilihamishiwa chini ya kilima cha Nakasero mwaka 1927. Basi kilima kikawa na sura mbili. Juu zilikuwako ofisi na nyumba za maofisa wa Kizungu na za matajiri. Chini lilikuwako soko, na kandokando yake maduka ya nguo na mafundi wa cherehani. Aliyetaka uzi alishuka kuutafuta, awe ni bibi wa nyumba kubwa au mama aliyekuja sokoni kuuza ndizi.

Kroshia yenyewe, yaani kufuma kwa sindano moja yenye kulabu, si kazi ya zamani sana. Katika Ulaya ilienea katika karne ya 19, na njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, ndiyo iliyoifanya kuwa riziki, maana watawa waliwafundisha wasichana maskini kufuma nakshi za uzi wa pamba ili ziuzwe. Kwa mikono ya wamisheni na walimu wa kike kazi hiyo ilivuka bahari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uganda ilihimiza vilabu vya wanawake, vikafundisha kushona, kufuma, upishi na usafi wa nyumba. Mwaka 1947 likaundwa Baraza la Wanawake wa Uganda, lililowakutanisha Waafrika, Wahindi na Wazungu. Wasichana wa Kiislamu walichelewa kuzifaidi shule, kwa kuwa nyingi zilikuwa za misheni na wazazi waliichelea dini ya watoto wao. Lakini kroshia haidai darasa. Hufundishwa kibarazani, jirani kwa jirani na shangazi kwa mpwa, wala haiulizi cheti.

Kazi iliyotukuzwa ilikuwa vitambaa vya meza na vya makochi, vyeupe, vilivyopigwa wanga, vilivyopokea wageni sebuleni. Kila kitambaa cha meza kilipokwisha kilibakiza uzi usiotosha kitambaa cha pili. Hapo ndipo kilipozaliwa kitambaa cha kuogea. Mfumaji hufunga kitanzi kimoja, kisha kwa kulabu huvuta uzi ndani yake apate cha pili, na ndani ya cha pili apate cha tatu, hata mnyororo ufikie vitanzi 30 hivi, yaani kama shubiri moja. Hapo hugeuza kazi na kurudi, mstari juu ya mstari, mpaka urefu ulingane na upana. Gramu 30 hadi 50 za uzi wa unene wa kati hutosha. Mwanafunzi husahau kitanzi cha mwisho wa kila mstari, na kitambaa chake hupungua kikawa pembetatu; mjuzi huhesabu. Uzi ukiisha huunganishwa na mwingine wa unene ule ule, na ncha zake huachwa ndefu na kufichwa ndani ya mfumo, kwani ncha fupi hufumuka katika kufua. Uzi wa rangi huloweshwa peke yake kwanza, usije ukachuja na kuuharibu ule mweupe.

Wala si kwa bahati kwamba uzi wenyewe ni wa pamba. Pamba hunywa maji, na ikilowa huwa na nguvu kuliko ikiwa kavu. Huvumilia kuchemshwa, na kwa hiyo kitambaa cha mtoto mchanga hutakasika vizuri. Sufu hujikunja katika maji ya moto. Nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta hazishiki maji, na zikigusana na sufuria ya moto huyeyuka.

Wakati wanawake wakihesabu vitanzi, wakulima walikuwa wakidai kurudishiwa kazi iliyoondolewa kwao. Katika ghasia za Buganda za Aprili 1949, dai mojawapo lilikuwa haki ya kuchambua pamba yao na kuiuza nje wenyewe. Mwaka 1952 sheria ikafungua njia ya vyama vya ushirika kupata vinu. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na katika mwaka huo huo ikaundwa kampuni ya Nyanza Textile Industries, ambayo kiwanda chake kilisokota na kufuma pamba ya nchi ndani ya nchi. Mavuno yalifikia karibu marobota 470,000 mwaka 1970.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi, na maduka yao yakagawiwa watu wengine. Sabuni, sukari na chumvi zikaadimika, na vita vikaendelea kuiharibu nchi. Kufikia mwaka 1987 mavuno ya pamba yalishuka hadi marobota 11,000 hivi. Katika dhiki ya namna hiyo, kujua kutumia masalio si mchezo wa kupitisha wakati. Mwenye kulabu hufumua vazi lililochakaa, hulizungusha uzi wake kuwa donge, na kuanza tena kwa kitanzi kimoja.

Leo amani imerudi na soko la Nakasero linauza kama zamani, lakini sifongo za plastiki na neti za nailoni ni rahisi kupatikana kuliko donge la pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Uganda bado husafirishwa nje kabla ya kusokotwa. Kwa hiyo swali la mwaka 1908 halijajibiwa kwa ukamilifu: ni kazi ngapi za pamba zitabaki katika mikono ya waliyoilima? Kitambaa cha masalio hakiwezi kulijibu swali hilo peke yake. Kimefanya jambo dogo, lakini la kweli. Sheria ilipovifunga vinu vya nyumbani, mikono ya wanawake iliushika uzi uliorudi na kuupa manufaa ya mwisho, bila ya kupoteza hata shubiri moja. Dini inayoamrisha usafi na kukataza israfu haina budi kuitambua kazi hiyo, nao wazee wa pwani walikwisha kuifupisha kwa maneno mawili: akiba haiozi.