Simu ya Upepo na Jahazi: Sheria Iliyoandikwa London

Mwaka 1842 chombo cha Sayyid Said bin Sultan kiitwacho Sultana kilikuja London kikimleta balozi wake, Ali bin Nassir. Miaka miwili kabla, chombo hicho hicho kilifika New York kikiwa na Ahmad bin Na'aman. Tangu kilipong'oa nanga Unguja mpaka kiliporudi, waliobaki nyumbani hawakuwa na njia ya kujua kama ki salama au kimezama. Khabari ilirudi na chombo, au haikurudi kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabaharia wa mataifa yote, na ndivyo ilivyoendelea mpaka ilipozuka simu ya upepo mwishoni mwa karne ya 19.

Wasomaji wetu wengi wanaijua historia ya manahodha wa pwani na elimu yao ya nyota, misimu na mikondo. Elimu hiyo ilipokewa chomboni, mtoto kwa baba na baharia kwa nahodha, bila karatasi. Simu ya upepo ilikuja na desturi nyingine. Mwaka 1904 Uingereza ilitunga sheria kwamba hapana ruhusa ya kutumia mitambo hiyo, nchi kavu wala baharini, bila leseni. Mwaka 1906 mataifa yalikutana Berlin, yakaongeza sharti la pili: anayeishika simu ya chombo awe na shahada ya serikali yake. Hapo yakatengana mambo mawili ambayo hata leo watu huyachanganya. Leseni ni ya chombo na mitambo yake. Shahada ni ya mtu.

Shahada ile ilipimwa kwa mambo manne. Mtu aweze kuitengeneza mitambo ikae sawa; aweze kupeleka na kupokea maneno yasiyopungua 20 kwa dakika; azijue kanuni; na aahidi kutunza siri za barua zinazopita mikononi mwake. Sharti hili la mwisho wazee wetu wangelifahamu upesi, kwani mwenye kubeba barua ya mtu amebeba amana.

Kanuni hizo hazikutosha. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 Titanic iligonga barafu, na meli ya Californian ilikuwa karibu kuliko zile zilizokimbilia kusaidia. Ilikuwa na simu ya upepo na ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuitumia, naye alikuwa ameshazima mitambo akalala. Uchunguzi wa Waingereza ulifanyika hapa London, na mwezi Juni mwaka huo huo mkutano wa kimataifa wa simu ya upepo ulifunguliwa katika mji huu. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Julai 1912. Shahada ziligawanywa daraja mbili, ya kwanza maneno 20 kwa dakika na ya pili 12, na meli za daraja la juu zikatakiwa kusikiliza usiku na mchana. Tarehe 20 Januari 1914 ukatiwa saini, London tena, mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini.

Mkataba huo umeandikwa upya mara kadhaa, na kwetu wenye asili ya pwani ule wa mwaka 1960 unastahili kusomwa kwa makini. Katika orodha ya vyombo visivyohusika na kanuni zake, mkataba ulitaja vyombo vya mbao vya ujenzi wa kizamani, na jahazi likatolewa mfano kwa jina. Mkataba wa mwaka 1974, ambao ndio msingi wa sheria mpaka leo, nao umeviacha nje vyombo vya mbao vya namna hiyo.

Tusiharakishe kulaumu. Mitambo ya zamani ilihitaji chumba kizima, umeme, na mtu wa kulipwa asiyefanya kazi nyingine. Kumlazimisha nahodha wa jahazi la boriti kubeba yote hayo kungekuwa kumfukuza baharini. Lakini sababu hiyo imekwisha. Redio ya leo ya masafa mafupi hushikwa kwa mkono mmoja, na ile ya kufungwa chomboni ina kitufe chekundu ambacho, kikibonyezwa, hutangaza namba ya utambulisho ya chombo na mahali kilipo kupitia mkondo wa 70. Baada yake msemaji huhamia mkondo wa 16 na kutamka "Mayday" mara tatu. Neno hilo lenyewe lilizaliwa London, katika uwanja wa ndege wa Croydon, katika miaka ya 1920, kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya nisaidieni.

Mkaazi wa London mwenye boti ndogo ya starehe katika mto Thames kwa kawaida halazimishwi kuwa na redio. Akiwa nayo, hana budi chombo chake kiwe na leseni, na yeye awe na shahada au asimamiwe na mwenye shahada. Mafunzo yake ni ya saa chache, si ya miaka: mkondo upi wa kuitia, namna ya kutaja mahali ulipo, lini unyamaze ili mwenye shida asikike. Na sheria ina huruma ndani yake, kwani katika hatari ya kufa mtu yeyote anaruhusiwa kuita.

Sasa tutazame nyumbani. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatusemi kwamba redio ingeliwaokoa. Chombo kilichojazwa kupita uwezo wake huzama hata kikiwa na redio kumi. Tunasema kwamba meli zote mbili zilikuwa katika safari ya ndani ya nchi, na mkataba wa London unahusu safari za kimataifa. Kwa hiyo jahazi liliachwa nje kwa ujenzi wake, na meli ya abiria ya Unguja na Pemba iko nje kwa njia yake. Vyombo hivyo hubaki chini ya sheria ya nchi peke yake.

Ndiyo maana jambo hili lisingojee mkutano mwingine wa Ulaya. Mombasa pana kituo cha uratibu wa uokozi tangu 2006, na Dar es Salaam na Mombasa vipo vyuo vya mabaharia. Kinachobaki ni kumfikia nahodha wa Mkokotoni, wa Wete na wa Lamu, kwa mafunzo ya Kiswahili na kwa ada anayoiweza. Wapo watakaosema kwamba sasa kila mtu ana simu ya mkononi. Simu humfikia mtu mmoja, naye huenda amelala. Redio husikiwa na kila chombo kilicho karibu, hata kile usichokijua jina lake.

Jamaa wengi wa London huchangia kuwanunulia ndugu zao boti na mashine. Tunawaomba waongeze katika hesabu hiyo redio moja na mafunzo ya mtu mmoja. Na wenye wazee waliopata kushika simu ya upepo, melini au bandarini, waandike majina yao na shahada zao kabla hazijapotea. Historia ya manahodha wetu tumeanza kuihifadhi. Ya waliosikiliza usiku wakingoja sauti ya mwenye shida bado haijaandikwa.