Sarafu Mashariki ya Mlima Kenya

Sarafu zilichelewa kufika Meru na Embu. Pwani ilikuwa imezoea fedha ya madini kwa karne nyingi, na masultani wa Kilwa walipiga sarafu zenye majina yao tangu enzi za kati, lakini wakazi wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya waliendesha maisha yao bila kuzihitaji hadi mwishoni mwa karne ya 19. Mbuzi ndiye aliyekuwa kipimo cha mali. Mahari ilitolewa kwa mifugo na asali, fidia ya damu vilevile, na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, walitoza faini ya fahali au kondoo, desturi ambayo haijafa hadi leo. Mbuzi hagawanyiki akabaki hai, kwa hiyo biashara ndogo ilifanywa kwa vitu vyenyewe: mtama kwa chungu, tumbaku kwa ndizi, jembe la mhunzi kwa nafaka. Wakamba walivuka Mto Tana kuja kubadilishana na Waembu, Wambeere na Watharaka, na masoko ya mpakani yalikuwa na siku zao maalumu.

Misafara ya pwani iliyofika kaskazini ya mlima kutafuta pembe za ndovu na chakula ilikuja na bidhaa tatu ambazo kila mtu alizielewa: nguo ya merikani, shanga, na waya wa shaba. Wasafiri William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel, waliopita nchi hiyo mwaka 1892 na 1893, walilipia chakula kwa bidhaa za aina hiyo. Shanga zilikuwa fedha ngumu kuliko inavyodhaniwa. Rangi iliyopendwa bonde moja ilikataliwa bonde la pili, na mfanyabiashara aliyebeba aina isiyotakiwa alilala njaa akiwa na mizigo kamili. Mkusanyaji wa leo anayeanzia kwenye sarafu pekee huikosa sura hii ya kwanza. Shanga na waya ni sehemu ya historia ya fedha ya Meru, na zinastahili kuwekwa kwenye sanduku moja na rupia.

Sarafu ya kwanza kupigwa kwa ajili ya eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya ilikuwa ya kampuni. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na kuanzia mwaka huo hadi 1890 ilitoa rupia za fedha na visehemu vyake, pamoja na pesa ya shaba, zote zikiwa na jina la Mombasa. Nyingine zilipigwa Birmingham, nyingine Kolkata. Zilitumika zaidi pwani na kando ya njia za misafara. Kampuni ilipofilisika na serikali ya Uingereza kutangaza himaya mwaka 1895, fedha iliyoshika nchi ilikuwa rupia ya India, iliyofanywa halali rasmi mwaka 1898. Hii ni rupia ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, na ndiyo sarafu kubwa ya kwanza iliyofika mikononi mwa watu wengi wa Meru na Embu.

Ilifika kwa nguvu. Mwaka 1906 jeshi la Waingereza lilivamia Embu, likatwaa ng'ombe na mbuzi wengi, na kituo cha utawala kikajengwa hapo. Mnamo 1908 Edward Butler Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alianzisha kituo cha Meru. Nyuma ya bendera ilikuja kodi ya nyumba, ambayo sheria ya nchi ilikuwa imeiweka tangu 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Mwanzoni watawala walikubali mifugo au kazi badala ya fedha, lakini nia ilikuwa moja: mtu alazimike kutafuta rupia. Rupia haikuota shambani. Ilipatikana kwa kuuza mbuzi kwa mwenye duka, kwa kubeba mizigo ya serikali, au kwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi mbali na nyumbani. Maduka ya Wahindi na Waswahili yaliyochipuka kando ya vituo, na mitaa ya Majengo iliyokua Embu na Meru, ndiyo yaliyokuwa mahali pa kwanza pa kubadilisha mbuzi kuwa fedha ya madini. Kuna watu hueleza kuenea kwa sarafu kama maendeleo yaliyojiendea yenyewe. Mlimani haikuwa hivyo. Kodi ilitangulia, soko likafuata.

Rupia moja ilikuwa fedha nyingi mno kwa kununulia chumvi. Mwaka 1905 serikali iliamua rupia igawanywe kwa senti 100, na miaka iliyofuata zikatoka sarafu zenye maandishi ya Kiingereza yanayotaja himaya za Afrika Mashariki na Uganda kwa pamoja. Senti 25 na 50 zilikuwa za fedha. Zile ndogo za kwanza, nusu senti na senti moja, zilitengenezwa kwa aluminiamu mwaka 1907 na 1908. Madini hayo mepesi yaliliwa na unyevu na chumvi ya jasho, watu hawakuyapenda, na tangu 1909 senti zikapigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ndiyo sababu senti ya aluminiamu iliyo safi ni nadra kuliko idadi iliyopigwa inavyoonyesha. Senti moja na senti 10 zilitobolewa katikati. Tundu liliokoa madini, lilimsaidia asiyejua kusoma kuitofautisha senti na sarafu ya fedha kwa kuipapasa, na lilifaa mahali ambapo nguo hazikuwa na mifuko: sarafu zilitungwa kwenye kamba.

Vita vya kwanza vya dunia viliwachukua vijana wengi wa mlimani kuwa wapagazi katika kampeni ya Tanganyika. Waliorudi salama walilipwa rupia, na wengine walikuwa wameishi katika nchi iliyotumia fedha ya Wajerumani, yaani rupia ya Kijerumani na heller. Mwaka 1916 Wajerumani waliozingirwa walipiga sarafu za dharura huko Tabora, zikiwemo za heller 20 na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Anayekuta heller kwenye mkebe wa familia ya Imenti au Runyenjes ana haki ya kuuliza kama babu wa nyumba hiyo alikuwa mpagazi. Swali hilo linafaa kuulizwa kabla bei haijatajwa.

Miaka iliyofuata vita ndiyo iliyojaa mambo mengi zaidi katika hadithi hii, na ndiyo inayowachanganya wanaoanza. Kabla ya vita rupia ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Uingereza. Bei ya fedha duniani ilipopanda, rupia ikapanda nayo hadi kupita shilingi 2. Walowezi waliokuwa na madeni ya benki kwa rupia, huku wakiuza mazao yao London kwa pauni, walilalamika vikali. Mwaka 1920 serikali iliishikilia rupia kwenye shilingi 2, na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa London mwishoni mwa 1919, ikatoa florini ya thamani hiyo. Florini haikudumu. Mwaka 1921 iliamuliwa kwamba kipimo kipya kiwe shilingi ya senti 100, na tangu 1922 ndiyo ikawa fedha ya nchi. Ndani ya miaka miwili nchi ilipitia fedha tatu.

Kwa aliyekuwa na akiba ya senti ndani ya kibuyu, mabadiliko haya yalikuwa na hatari ya kweli. Senti 10 ya zamani ilikuwa sehemu ya kumi ya rupia, na kwa kuwa rupia ilihesabiwa kuwa shilingi 2, senti hiyo ilistahili kuwa senti 20 za shilingi. Sarafu mpya ya senti 10 ilikuwa na neno lilelile na tundu lilelile, lakini nusu ya thamani. Mtu wa Chuka au Kyeni asiyesoma Kiingereza angewezaje kujua? Waajiri walipojaribu pia kupunguza mishahara mwaka 1921, hasira ilipanda, na ni katika hali hiyo chama cha mwanaharakati Harry Thuku kilipata nguvu mjini Nairobi. Historia ya fedha za kikoloni huandikwa mara nyingi kwa macho ya benki. Inafaa pia isomwe kutoka upande wa aliyeshika senti.

Kwa mkusanyaji, miaka hiyo miwili ni hazina. Florini ya 1920 bado inapatikana kwa juhudi. Shilingi yenye mwaka 1920, iliyokuwa nusu ya florini, ni adimu sana, na inayotolewa kwa bei nyepesi sokoni inafaa kushukiwa kwanza. Shilingi ya kawaida inaanza na mwaka 1921: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili simba amesimama na milima nyuma yake. Ilikuwa na robo moja tu ya fedha, na uzito wa gramu 7.78. Senti 1, 5 na 10 za shaba zilizotobolewa zilipambwa kwa pembe za ndovu zinazozunguka tundu.

Shilingi ya simba ndiyo iliyokaa mlimani kwa muda mrefu zaidi. Katikati ya miaka ya 1930 serikali iliruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa majaribio, jambo lililokuwa limezuiwa kulinda mashamba ya walowezi, na malipo ya kahawa yakaleta shilingi nyumbani bila mtu kwenda kibarua. Miraa ya Nyambene ilifanya hivyo pia, kupitia Isiolo na kaskazini. Karo za shule za misheni, kama Kigari karibu na Embu na Chogoria upande wa Meru, zilihitaji fedha taslimu. Senti tano, yaani ndururu, na thumni ya senti 50 zikawa sehemu ya mazungumzo ya kila siku.

Njia ya kaskazini inaeleza pia sarafu moja ngeni inayoweza kukutwa Meru: reale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ilitumika Ethiopia na kwa wafugaji wa kaskazini ya Kenya, ambako mafundi waliiyeyusha kufanya mapambo. Kila moja ina mwaka 1780, hata zile zilizopigwa karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara walikataa sura nyingine yoyote. Hapa anayeanza anapata somo kubwa: mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si lazima uwe umri wake.

Somo la pili limo katika senti 5 na 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huohuo, na ni makoloni machache sana yaliyotoa sarafu zenye jina lake. Wauzaji wengi huzitangaza kama mali ya ajabu. Ukweli ni kwamba zilipigwa kwa mamilioni na bado zimejaa. Kinachotofautisha moja na nyingine ni hali yake na alama ndogo ya kiwanda, H ya Heaton au KN ya King's Norton, zote za eneo la Birmingham. Wakati wa vita vya pili vya dunia sarafu za Afrika Mashariki zilipigwa pia Bombay kwa alama ya I na Pretoria kwa alama ya SA. Baada ya India kupata uhuru, sarafu za 1948 ziliondoa cheo cha mfalme wa India, na shilingi ikapoteza fedha yote.

Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966, na sarafu zake za kwanza zina sura ya Jomo Kenyatta bila maandishi yoyote kuizunguka. Jina lake liliongezwa mwaka 1969. Sarafu za simba ziliondolewa kwenye mzunguko mwishoni mwa muongo huo, na nyingi ambazo hazikurudishwa benki ndizo zinazoibuka leo kwenye mikebe na paa za nyumba kuukuu. Baadaye zilifuata sura ya Daniel arap Moi, shilingi 40 ya mwaka 2003 ya kuadhimisha uhuru, na hatimaye, kwa kuwa katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote, sarafu za Desemba 2018 zenye twiga, kifaru, simba na tembo.

Anayetaka kuanza biashara ya sarafu Meru au Embu hahitaji mtaji mkubwa. Anahitaji mizani inayopima hadi sehemu ya gramu, kioo cha kukuza, sumaku, na orodha iliyochapishwa ya sarafu za dunia. Rupia ya fedha haishikwi na sumaku, na uzito ukipungua sana gramu 11.66 kuna swali la kuulizwa. Kosa linaloharibu mali nyingi kuliko yote ni kusugua. Familia nyingi husafisha shilingi ya babu kwa mchanga, majivu au limau ili ing'ae kabla ya kuiuza, na kwa dakika chache huondoa ngozi ya juu ambayo wanunuzi makini hulipia. Uvumi wa mitandaoni unaodai shilingi 40 au sarafu za Kenyatta zinanunuliwa kwa mamia ya maelfu umewapotezea wengi fedha za "usajili". Mnunuzi wa kweli haombi malipo kwa muuzaji.

Kuna pia sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukifanyia biashara au kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Sarafu za Mombasa za 1888 zimo ndani ya kikomo hicho. Rupia ya Malkia Victoria yenye mwaka 1880 inaweza kuwa ndani au nje, kutegemea ilipoingia nchini, kwa msafara wa mapema au kwa mshahara wa mpagazi wa 1917. Hapo daftari la mfanyabiashara lina kazi: jina la kijiji, chombo ilimokutwa, vitu vilivyokuwa pamoja nayo, na maneno ya aliyeiuza, yakiandikwa siku ileile ya kununua.