Mkama, Mtwarwa na Mgeni: Tarehe ya Ardhi ya Kaisho

Kaisho imekaa kwenye pembe ya mwisho ya nchi, mahali ambapo mto Kagera unaitenga Tanzania na Rwanda kwa magharibi, kisha na Uganda kwa kaskazini. Leo iko wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Zamani yote hiyo ilikuwa nchi ya Mkama wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda, na kwa kauli ya ikulu kila kilima na kila bonde la malisho lilikuwa lake.

Kauli hiyo isitudanganye. Wasafiri Speke na Grant walipofika kwa Mkama Rumanyika, Bweranyange, Novemba 1861, walimkuta mfalme ambaye utajiri wake ulikuwa ng'ombe na watu. Ardhi ilikuwa tele kupita mahitaji. Mkama alihitaji wa kulima migomba, wa kuchunga na wa kumlindia mipaka, na mtu aliyechoshwa na bwana mmoja aliweza kufunga mizigo usiku akaamkia bonde jingine. Bwana asiyejua kukaa na watu alibaki akitawala nyasi.

Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka mifugo katika nchi zote za maziwa makuu, na ndui haikuwa mbali. Mabonde ya Karagwe yaliyosifiwa na wasafiri yakabaki na wachungaji wasio na cha kuchunga, pori likarudi. Tangu hapo mwendo wa Karagwe ukaachana na ule wa jirani zake wa Bukoba.

Kando ya Ziwa Victoria watu walikuwa wengi na mahali pa migomba pachache. Kibanja cha kule hukikuti kikikungoja. Ni udongo uliolishwa samadi na majani kizazi baada ya kizazi, kisiwa cha kijani katikati ya rweya, nyika ya nyasi isiyozaa kitu bila mbolea. Basi Mkama akitaka kumtunza mdogo wake au mtumishi kipenzi, ardhi tupu haikuwa zawadi. Alimpa ardhi yenye watu ndani yake. Hiyo ndiyo nyarubanja. Kaya zilizolala na vibanja vyao ziliamka zikiwa watwarwa wa fulani. Mtwarwa alibaki palepale, chini ya migomba iliyopandwa na babu yake, ila sasa sehemu ya ndizi na pombe ilikuwa na mwenyewe, na bwana akijenga nyumba aliitwa kubeba miti. Akigoma, alihama. Migomba haihami.

Wajerumani hawakuianzisha nyarubanja, lakini waliinenepesha. Emin Pasha aliwafungulia kituo cha Bukoba mwaka 1890, na utawala uliofuata ukawaegemea Wakama walioujulia, Kahigi wa Kianja akiwa mbele yao. Zamani Mkama aliyezidisha alijua kuna jirani wa kuwapokea wakimbizi wake, au ndugu wa kumpindua. Sasa nyuma yake palikuwa na askari wa Kijerumani. Wa kumwogopa hakubaki, na nyarubanja zikaongezeka.

Juu ya hayo ikaja kahawa. Buni ya Bukoba ilikuwa ya kutafuna. Mgeni alipewa kiganjani kama heshima, na Wakama waliichunga kwa wivu. Ilipogeuka kuwa ya kuuza, mche mmoja ukazua swali ambalo mila haikuwa na jibu lake. Mtwarwa ameupanda kwa jembe lake, ameupalilia miaka mitatu minne, sasa umezaa: ni wa nani? Bwana akasema umeota katika ardhi yangu. Mkungu wa ndizi waweza kugawana, mkala, mkasahau. Fedha ya kahawa inakuja kila msimu na haisahauliki. Kwa maoni yangu mche huo wa kahawa, kuliko hotuba yoyote, ndio uliozaa siasa za Bukoba. Bukoba Bahaya Union iliundwa mwaka 1924 na vijana waliosoma, wakaanza kubishana na utawala wa Wakama. Miaka ya 1950 Ali Migeyo na wenzake wa chama cha TAA, kisha TANU, wakaufikisha ubishi huo vijijini, na Migeyo akaonja jela.

Ng'ambo ya mpaka Waganda waliyaona hayo kwa jina la mailo: mkataba wa 1900 uliwagawia Kabaka na machifu maili za mraba kwa maelfu, na ilibidi sheria ya 1928 iweke kikomo cha kodi ambayo mwenye ardhi angeweza kumtoza mkulima. Marekani nayo, ambayo wengi huidhani nchi ya kila mtu na shamba lake, ilikuwa na watwarwa wake. Katika bonde la mto Hudson, jimbo la New York, ukoo wa Van Rensselaer ulimiliki nchi nzima nzima. Wapangaji wake walilipa ngano, kuku wanne wanono na siku moja ya kazi kwa farasi na gari, kila mwaka, bila mwisho. Stephen Van Rensselaer alipofariki mwaka 1839, warithi wakadai malimbikizo yote. Wakulima wakavaa magauni ya vitambaa vya maua na vinyago, wakajiita Wahindi Wekundu, wakapuliza parapanda za bati kila afisa wa mahakama alipoonekana njiani. Katiba ya jimbo ya 1846 ikapiga marufuku mikataba ya namna ile.

Watwarwa wa Bukoba hawakuvaa vinyago. Wao walikuwa na barabara ya Karagwe.

Wapo walioifuata wakaenda kutafuta pori lisilo na bwana, na hawakulikuta peke yao. Kaisho iliwapokea pia watu wa Kigezi na Ankole, watu wa Rwanda, na vibarua waliovutwa na machimbo ya bati ya Kyerwa. Mgeni alitafuta kwanza mwenyeji. Mwenyeji alimpeleka kwa mkubwa wa mahali, pombe ikanywewa, kisha wakatembea pamoja hadi porini, mzee mbele, majirani wa pande zote nyuma yake kama mashahidi. Mipaka ikapandwa mirumula, ule mmea wa majani marefu usiokufa kwa kiangazi wala kwa kukatwa. Karatasi haikuwapo, ila kila aliyekunywa siku ile alikuwa ameweka sahihi.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya 1965 ikaigusa nyarubanja yenyewe, na ile ya 1968 ikaeneza dawa hiyohiyo kwa upangaji wa kimila popote nchini: mtwarwa akawa mwenye kibanja, na bwana akaachiwa kudai fidia mbele ya baraza maalumu kwa kile alichokiendeleza kweli. Wengi hawakuwa na cha kuonyesha.

Kaisho haikuwa na mabwana wengi wa kuvuliwa. Shida yake ilikuja kutoka mlango wa pili, ule wa mgeni. Wakimbizi wa Kitutsi wa miaka ya 1960 walipewa makazi Nkwenda na Kimuli, na mwaka 1980 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda nchini wakapewa uraia. Mwaka 1994 Karagwe ikafurika kambi za wakimbizi wapya. Kila wimbi liliacha watu, ndoa na mashamba, na pori la kumkaribisha mwingine likazidi kupungua. Mwaka 2013 serikali ikaendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji wasio na vibali, na Kagera ikawa uwanja wake mkuu. Miongoni mwa waliovushwa mto walikuwamo watu waliokuwa wamelima hapa miongo kadhaa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, na mwenye kibanja anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ugomvi wa mpaka huanzia kwenye baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake. Mirumula bado ni ushahidi mzuri mbele yao, ikiwa mzee aliyeona ikipandwa yu hai bado. Akishakufa, mtoto wa mgeni wa mwaka 1950 huulizwa baba yake alitoka wapi, kabla hajaulizwa analima kuanzia wapi hadi wapi.