Kiswahili Chetu Kina Bei: Kuishi kwa Kazi ya Mtandaoni Ukiwa Mombasa

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Intaneti ya kasi inayotumiwa Nairobi ilipita kwanza hapa kwetu. Lakini muulize kijana wa Pwani kazi ziko wapi, atakutajia bandari, hoteli, au visa ya kwenda Ghuba. Mimi ni mtafsiri. Nina miaka tisa nikifanyia kazi chumbani mwangu hapa Kibokoni, wateja wangu wako London, New York na Muscat, na hakuna hata mmoja niliyepata kuonana naye ana kwa ana.

Nani anataka Kiswahili huko? Wengi kuliko tunavyodhani. Hospitali na shule za Marekani zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na fomu zao lazima zisomeke. Makampuni ya simu na programu hutaka maelezo yao yaeleweke Afrika Mashariki. Kuna pia kunukuu sauti, kuandika manukuu ya filamu na kusahihisha tafsiri za mashine. Hapo ndipo Mpwani anapotakiwa awe na adabu ya lugha: Kiswahili cha Bukavu si cha Mvita, na kabla ya kushika kazi ni wajibu wako kuuliza nani atakayesoma. Mama mgonjwa asiyeielewa fomu hajali lahaja ipi ni tamu zaidi.

Ugonjwa wetu mkubwa ni bei. Kwa kuwa lugha tumezaliwa nayo, tunaiona kama maji ya kisima, kila apitaye achote. Mtafsiri mzoefu hutoa maneno kama 2,000 kwa siku, akiwa amejisahihisha. Kwa senti moja ya dola kwa neno, hiyo ni dola 20. Kwa senti tano ni dola 100. Kazi ni ileile na macho yanachoka vilevile. Toa makato ya tovuti iliyokukutanisha na mteja, toa na kile kinachopotea dola zikigeuzwa shilingi (tangu 2018 tunaweza kutoa pesa za PayPal kwa M-Pesa, lakini angalia kiwango cha kubadilishia kabla ya kubonyeza), halafu bando na stima. Aliyekubali senti moja amebaki na nini? Na kwa niliyoyaona mimi, mteja wa senti moja ndiye mwenye malalamiko mengi.

Jaribio la bure la maneno 200 au 300 ni jambo la kawaida. Ukiletewa 2,000 na kuambiwa ni jaribio, hiyo ni kazi, idai malipo. Kampuni moja ya ng'ambo ilinikalia na malipo ya miezi mitatu, kila wiki ahadi mpya. Tangu hapo mteja mgeni hunilipa nusu kwanza, na kazi ya pili siigusi kabla ya kulipwa ya kwanza.

Kisha kuna saa. Ofisi za New York zikifungua saa tatu asubuhi yao, kwetu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea msimu. London ni saa tano au saa sita mchana. Mwezi wa Ramadhani mteja wa Marekani huomba kikao wakati hasa wa futari, na nimegundua ukimwambia mapema hakatai. Muscat wametutangulia saa moja tu, na hao hawahitaji kuelezwa.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Kwa wazee, mtu aliyekaa ndani na kompyuta hana kazi, kwa hivyo ndiye wa kutumwa sokoni, kupeleka mtoto kliniki, kupokea fundi. Mama yangu alinielewa nilipoanza kufunga mlango saa mbili asubuhi na kuufungua saa saba, kila siku, kama mtu wa ofisini. Sasa wageni yeye ndiye huwaambia, "Yuko kazini huyo, mwacheni." Baba alipougua nilikuwa karibu naye miezi yote ile, na mapato hayakukatika. Ndugu zangu walioko Ghuba hawakuipata nafasi hiyo.

Mambo ya serikali usiyaache nyuma: ripoti ya kodi ya KRA ni kabla ya 30 Juni kila mwaka, na mchango wa SHA hakuna mwajiri wa kukukatia, utaulipa mwenyewe.

Anayeanza na atafsiri kurasa tatu za aina tofauti, ya afya, ya biashara na ya sheria, ampe mtu mwingine azisahihishe, ndipo amwoneshe mteja. Bei aitaje yeye kwanza.