Kasri la Maruhubi na pembe zilizopita Singida

MAGOFU ya Kasri la Maruhubi, yaliyopo ufukweni kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni kumbukumbu ya Sayyid Barghash bin Said, sultani wa ukoo wa Al Busaid wenye asili ya Omani, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, India. Alirejea, na Majid alipofariki akarithi kiti.

Utawala wake uliingia katika historia kwa mageuzi. Juni 5, 1873, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao mjini Zanzibar. Alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, akajenga hamamu ya umma ya Hamamni na, mwaka 1883, jumba la Beit al Ajaib.

Maruhubi ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kuwa makazi ya masuria wake nje ya mji. Moto uliiteketeza mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene zilizobeba roshani, pamoja na hamamu.

Fahari hiyo iligharimiwa kwa ushuru wa forodha, hasa wa karafuu na pembe za ndovu. Pembe nyingi zilitoka bara, mabegani mwa wapagazi waliosafiri kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Kabla ya kuingia Ugogo walilazimika kuvuka Mgunda Mkali, pori lililo katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Mkoa wa Singida, lililoogopwa kwa uhaba wa maji. Hivyo, mzigo uliosaidia kulipia mabomba na hamamu za Sultani ulibebwa na watu wenye kiu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo ya misafara katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Miongoni mwa vituo sita vilivyotajwa ni Kilimatinde, wilayani Manyoni. Historia ya Maruhubi haikamiliki bila kituo hicho.